Macho ya Mjomba na Kioo cha 4K

Anayenunua kompyuta ya kuhariria picha huuliza maswali yaleyale: RAM kiasi gani, diski ya aina gani, kioo ni Full HD au 4K. Muuzaji akijibu kwamba ni 4K, bei inapanda na mnunuzi anaridhika. Sijapata kumsikia mtu akiuliza kama ataziona zana za programu yake atakapoifungua kwenye kioo hicho. Swali hilo nusura limwondoe mjomba wangu kwenye kazi aliyoishika tangu ujana wake, na naamini linaendelea kuwaondoa wengine ambao hawajui hata kilichowaondoa.

Mjomba ana studio ya picha Ngamiani, Tanga. Kazi aliianza enzi za filamu, wakati kurekebisha picha kulimaanisha kuinamia negativu iliyowekwa juu ya kioo chenye mwanga chini yake, mkononi una penseli iliyochongwa mpaka ncha yake ikawa nyembamba mno, unajaza kovu nukta baada ya nukta. Palipotiwa penseli kwenye negativu hutoka peupe zaidi kwenye karatasi, ndiyo maana doa jeusi la shavuni na mikunjo ya chini ya macho viliweza kufifishwa kwa mkono. Alikuwa anasifika kwa hilo. Mimi nilipoanza kumsaidia, negativu zilikuwa zimeshaingia kwenye maboksi, naye alikuwa anahariri kwa GIMP, programu ya bure ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis waliianzisha mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliichagua kwa msimamo wake: programu za wizi hazitaki studioni, na hela ya kulipia programu kila mwezi hana.

Mwaka 2017 alinunua laptopu iliyotumika, mojawapo ya zile zinazoletwa Kariakoo kutoka Dubai. Kioo cha inchi 15.6, pikseli 3840 kwa 2160, yaani 4K. Ile ya zamani ilikuwa na kioo cha ukubwa huohuo, ila pikseli zake zilikuwa 1366 kwa 768. Picha ya kwanza tuliyoifungua ilikuwa ya bibi harusi mwenye hina mikononi, na kwa mara ya kwanza tuliweza kufuata mstari wa hina mpaka unapoishia kwenye kucha bila kukuza chochote. Mjomba alivuta kiti, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii sasa ndiyo picha."

Kisha tukaanza kazi, na furaha ikapungua.

GIMP tuliyokuwa nayo ilikuwa toleo la 2.8, na zana zake zote zilikuwa zimejikunja pembeni mwa kioo. Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa dogo sana. Kwenye orodha ya tabaka za picha, kila tabaka lina alama ya jicho, unayoibofya kulificha au kulionyesha, na ubavuni mwa jicho kuna nafasi ya alama ya mnyororo, inayofunga tabaka mbili ziende pamoja. Mjomba alikuwa anataka jicho, mausi inaangukia mnyororo. Anaendelea na kazi bila kujua. Baadaye akisogeza maandishi ya jina la maharusi, na picha yenyewe inasogea. Anarudisha nyuma, anajaribu tena, hali ni ileile. Akawa anavaa miwani, anaivua, anaukaribia uso wa kioo kana kwamba anarudi kwenye negativu zake. Mwishowe akawa ananisukumia mausi: "Mpwa wangu, malizia wewe."

Watu wa karibu walikuwa na jibu tayari. Mzee amechoka, macho yameisha, aachie vijana. Lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni jibu la hatari. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake kadiri umri unavyosogea, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi vitu vya karibu vinakuwa vigumu kuonekana. Ndiyo asili ya miwani ya kusomea. Lakini mimi nilikuwa namwona mjomba kila asubuhi akisoma gazeti, mpaka yale matangazo ya minada yaliyobanwa kurasa za nyuma, kwa miwani ileile aliyoivaa studioni. Mtu anayesoma matangazo yale hajapofuka.

Nilimwambia, "Mjomba, mimi nadhani si macho. Ni alama hizi."

Akanijibu, "Niletee rula."

Tulipima. Alama ndogo za kompyuta kwa kawaida zilikuwa zinachorwa kwa pikseli 16 kwa upana. Kioo chetu cha zamani kilikuwa na pikseli kama 100 katika kila inchi, kwa hiyo alama ya namna hiyo ilichukua milimita 4. Kioo kipya kina pikseli 282 katika inchi moja. Alama ileile, yenye pikseli zilezile 16, sasa ilikuwa na upana wa milimita 1.4 tu, chini ya punje ya ufuta. Mjomba aliiweka rula chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata yule kijana aliyemfundisha kutumia kompyuta angekosea hapo. Nilimwona akikaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa ameishi kwa wiki kadhaa akidhani mwili wake umemsaliti.

Sababu ya udogo huo ni ya zamani. Kwa miaka mingi Windows ilichukulia kwamba inchi moja ya kioo ina pikseli 96, na Mac tangu 1984 ilihesabu 72. Vioo havikutofautiana sana, basi waandishi wa programu wakachora alama zao pikseli kwa pikseli na kuziandikia ukubwa usiobadilika. Hapakuwa na ubaya wowote. Juni 2012 Apple ikatoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye pikseli 2880 kwa 1800, takriban 220 kwa inchi, na laptopu za Windows zikafuata kwa kasi. Programu za picha ziliumia kuliko nyingine, kwa kuwa ndizo zenye zana nyingi zilizosongamana kwenye nafasi ndogo, na ndizo zilizokuwa na sababu ya kuogopa kukuzwa ovyo. Barua pepe ikikuzwa, hakuna hasara. Programu ya picha ikikuzwa bila kujua inakuzwa, ndani yake mna picha inayokuzwa pia, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Sisi hilo tulilijifunza kwa njia ya gharama. Fundi mmoja wa kompyuta alikuja, akasikiliza shida yetu, akaingia kwenye sifa za faili la programu, sehemu ya utangamano, akaiamuru Windows isimamie yenyewe ukubwa wa programu ile. Akafunga, akafungua. Zana zote zikawa kubwa! Mjomba alimshukuru, akamlipa, na kwa siku nyingi akafanya kazi bila kunung'unika.

Kilichofanyika ndani ya mashine ni hiki. Windows inaidanganya programu kwamba kioo ni cha kawaida, chenye pikseli 96 kwa inchi. Programu inachora kila kitu kidogo kama ilivyozoea. Kisha Windows inachukua mchoro mzima, zana pamoja na picha iliyo katikati, na kuuvuta ujaze kioo. Kwetu ilikuwa inauvuta mara mbili na nusu. Kwa hiyo picha aliyokuwa anaitazama mjomba haikuwa picha halisi, bali picha iliyovutwa, yenye ukungu kidogo kila mahali. Jicho la fundi wa picha likiona ukungu, mkono unaongeza ukali. Mjomba aliongeza ukali kwenye kazi nzima ya sendofu moja.

Picha ziliporudi kutoka kuchapwa alizipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua. Kwenye ukingo wa kilemba cha mama wa bibi harusi palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umezunguka kichwa chote. Ngozi ya bibi harusi, ambayo tuliisafisha kwa subira, ilikuwa na chembechembe kama haijaguswa. Wateja hawakulalamika. Mjomba alizichapa upya kwa fedha yake, akaniambia niiondoe ile amri ya fundi siku hiyohiyo.

Fundi yule alitibu alichoambiwa: zana hazionekani. Hakuwa mtu wa picha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kwenye programu ya picha kuna ukubwa wa namna mbili usiotakiwa kuchanganywa. Upo ukubwa wa zana, ambao ni haki ya macho na mikono ya anayefanya kazi. Huo uongezwe na upunguzwe kadiri anavyotaka. Na upo ukubwa wa picha kwenye kioo, ambao ni kipimo, na kipimo kikiguswa na mkono usioonekana hukumu yote inaharibika. Mpangilio wowote unaokuza vyote viwili kwa pamoja haufai kwa kazi ya picha, hata kama unapumzisha macho. Msimamo huu nimeushika tangu siku ile ya kilemba na sijaona sababu ya kuuacha.

Kwa muda tulishusha kioo mpaka 1920 kwa 1080. Hiyo ni nusu kamili ya 3840 kwa 2160 kila upande, hivyo pikseli nne za kioo zinaweza kubeba moja na hesabu haiachi mabaki. Mtu akichagua kiwango kisichogawanyika sawasawa, kama 1366 kwa 768, ukungu unarudi. Alama zikafika karibu milimita 3 na mjomba akaweza kulipata jicho lake la tabaka. Lakini tulikuwa tumenunua pikseli milioni 8 na tunatumia milioni 2, na jambo hilo lilimuuma kila alipokumbuka ile hina.

Aprili 2018 ikatoka GIMP 2.10. Kwenye mapendeleo yake, sehemu ya aikoni, programu ikawa na uwezo wa kukisia ukubwa wa alama kutokana na kioo, au kukuachia uchague mwenyewe kati ya viwango vinne, kuanzia ndogo hadi kubwa kabisa. Alama pekee ndizo zinazokua, picha haiguswi. Tulirudisha kioo kwenye pikseli zake zote, mjomba akachagua kiwango cha kubwa kabisa. Hata hivyo akagomea jambo lingine. Toleo lile lilikuja na sura ya giza na alama za kijivu, na yeye kwenye kijivu juu ya kijivu hakutofautisha zana ya kuponya ngozi na ile ya kunakili sehemu. Tukamrudishia alama za rangi na sura nyeupe, palepale kwenye mapendeleo. Ukubwa bila rangi ya kutenganisha haukumsaidia, na ninataja hili kwa sababu wanaoshughulikia suala hili hukimbilia ukubwa na kusahau mengine.

Kisha akagundua kitu ambacho mimi sikukitarajia.

Kuna siku alikuwa anatengeneza picha ya viza ya Marekani. Kipimo chake ni inchi 2 kwa 2, na ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata pikseli 600 kwa 600. Kwenye kioo cha zamani, picha hiyo ikifunguliwa kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha juu ya pikseli moja ya kioo, ilijaza sentimita 15, na wateja waliosimama nyuma yake walikuwa wanashtuka kuona uso wao umekuwa sahani. Kwenye kioo kipya picha ileile ilikaa kwenye sentimita 5.4. Aliweka picha iliyochapwa kando ya ile ya kioo. Zilikaribiana kabisa, maana pikseli 282 na 300 hazipishani sana. Alichukua nyingine, ya pozi la familia, na ikawa vilevile. "Mwanangu," akasema, "hiki kioo kinanionyesha karatasi."

Hapo kazi yake ilibadilika. Asilimia 100 iliyokuwa darubini ya kutafutia madoa sasa ilimwonyesha picha kama mteja atakavyoishika mkononi. Ina faida yake na hatari yake. Kwenye kioo cha namna hii, kwa asilimia 100, chembechembe za picha iliyopigwa usiku ukumbini hazionekani kwa macho, na kijana anayetoka kwenye kioo cha zamani atasema picha ni safi wakati si safi, na mteja akiagiza bango la ukutani aibu itaonekana. Kwa hiyo siku hizi madoa na ukali tunavikagua kwa asilimia 200, wakati mwingine zaidi, kisha tunarudi 100 kuuliza kama picha inapendeza.

Akitaka uhakika zaidi, GIMP inampa. Kwenye menyu ya mwonekano kuna amri iitwayo Dot for Dot. Ikiwa imewashwa, programu hupanga pikseli kwa pikseli. Ukiizima, inaitazama picha kwa inchi zake za kuchapwa na kujitahidi kuionyesha kwa ukubwa huo. Lakini haiwezi kufanya hivyo kama haijui kioo chako kina pikseli ngapi kwa inchi, na ili ijue, inakuwekea mistari miwili kiooni, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na kukuomba uipime kwa rula ya kawaida na kuandika urefu wake. Mjomba aliipenda kazi ile. Alibana rula kwenye kioo kwa vidole viwili, akasoma, akanitajia namba, nikaandika. Tangu hapo mteja wa picha za pasipoti anaonyeshwa uso wake kwa kipimo chake halisi kabla karatasi haijatumika.

Nina rafiki Dar es Salaam anayefanya kazi kwa Photoshop, na njia yao imekuwa nyingine. Desemba 2012 programu hiyo ilipata toleo linaloendana na vioo vya Retina, vile vya Mac vyenye pikseli zilizosongamana. Upande wa Windows, mwaka 2014 kiliwekwa kipengele cha majaribio cha kukuza zana mara mbili, asilimia 200, bila kiwango cha katikati. Kwa kioo cha 4K cha inchi 15 ilitosha, kwa kioo cha inchi 27 ilikuwa imezidi. Oktoba 2017, pamoja na Windows 10 mpya ya mwaka huo, ndipo watumiaji wakapata viwango kuanzia asilimia 100 hadi 400, kwa hatua za 25, vinavyofuata mpangilio wa Windows yenyewe. Rafiki yangu ana kioo cha pili mezani, cha inchi 24 chenye Full HD, na hapo anahitaji kila kioo kipewe kiwango chake, la sivyo dirisha likivuka kutoka kimoja kwenda kingine zana zinavimba au zinasinyaa. Pia humo ndani ya mapendeleo ya kiolesura kuna saizi ya maandishi, ambayo wengi hawaifungui kamwe, na kuna kisanduku cha kuzifanya zana zote zifuate saizi hiyo. Kumbuka kuifunga programu na kuifungua upya, maana bila hivyo utadhani hakuna kilichobadilika.

GIMP yetu sasa ni ya 3.0, iliyotoka Machi 2025, na imeleta kitelezi cha kukuza maandishi ya zana, jambo ambalo kwenye 2.10 lilitutaka tuhariri faili la sura kwa mkono. Imechukua muda mrefu, na siwezi kuwalaumu wanaoitengeneza kwa kujitolea.

Ninaowalaumu ni sisi tunaofundisha. Kijana anakuja kujifunza kuhariri picha, siku ya kwanza anaonyeshwa tabaka, siku ya pili anaonyeshwa kukata mandhari, na hakuna anayemwonyesha mahali pa kupanga ukubwa wa zana. Anazoea kuinama. Mgongo unamuuma, anadhani kazi ndivyo ilivyo. Mwenye macho dhaifu anaaibika kusema, anaacha. Mimi somo langu la kwanza halina picha. Mwanafunzi anafungua mapendeleo, anakaa kwa umbali anaokaa mtu anayetaka kufanya kazi mpaka jioni, mgongo umeegemea kiti, na anaongeza ukubwa mpaka alisome kila jina bila kusogeza kichwa. Wengi huchagua kidogo kwa sababu wanataka nafasi zaidi ya picha. Nawaambia wafiche paneli wasizotumia, nafasi itapatikana, kuliko kuitafuta kwenye macho yao.

Mjomba bado anahariri. Laptopu ni moja na watumiaji tuko wawili, kwa hiyo tumefungua akaunti mbili za Windows. Yangu iko kwenye asilimia 200 na alama za kati, yake iko kwenye 250, alama kubwa kabisa, za rangi. GIMP hutunza mapendeleo ya kila akaunti peke yake. Anapofika studioni mimi natoka kwenye akaunti yangu, yeye anaingia kwenye yake, na kila kitu kinamkuta alivyokiacha.